Jenga mtandao wa ofisi kana kwamba kesho hutakuwepo

Siku ya kwanza katika ofisi ile nilionyeshwa kabati. "Kila kitu kimo humo," bosi akaniambia, akarudi kwenye mkutano wake. Ndani mlikuwa na ruta moja, swichi mbili za kugawia mtandao zilizobebana, na kebo za kijivu tupu zilizosokotana kama nywele zisizoona kitana mwezi mzima. Nikaomba nywila ya ruta. Hakuna aliyeijua. Wakampigia fundi aliyenitangulia, namba haipatikani. Domeini ya kampuni, ile inayobeba barua pepe zao zote, ilikuwa imesajiliwa kwa anwani yake binafsi. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliondoka tu, na ofisi akaondoka nayo kichwani.

Kuirudisha domeini mikononi mwa wenyewe kulikula wiki sita za kuandikiana barua, kutuma nakala za usajili wa kampuni na kusubiri. Ruta ilibidi niirudishe kama ilivyotoka kiwandani, mipangilio yote ikapotea. Tangu hapo, kabla sijagusa waya wowote, najiuliza: nikitoweka kesho asubuhi, fundi asiyenijua ataingia humu na kuelewa? Nitakayoeleza hapa ndivyo nilivyoijenga upya ofisi ile ya watu 18, printa mbili, programu moja ya uhasibu, na bosi asiyetaka kusikia neno seva. Ukiwa na watu 5 punguza, ukiwa na 60 ongeza.

Penseli kwanza

Usinunue kitu wiki ya kwanza. Chukua daftari, zunguka meza kwa meza, muulize kila mtu: unafanyia kazi kifaa gani, na kikizimika unaweza kukaa muda gani kabla mambo hayajaharibika? Bosi aliniambia cha muhimu kuliko vyote ni barua pepe. Mhasibu akasema barua pepe anaweza kukaa bila hiyo siku nzima, lakini programu yake ikilala nusu saa mwisho wa mwezi, mishahara inachelewa. Dada wa mapokezi hakutaja programu yoyote. Alisema printa, kwa sababu kila mteja lazima aondoke na karatasi, na ikigoma foleni inafika mlangoni.

Hayo majibu matatu yalinipa ramani kuliko orodha yoyote ya vifaa. Printa ya mapokezi ikapata ndugu yake ya akiba. Programu ya uhasibu ikawekwa kwenye mashine yake peke yake, yenye diski mbili na umeme wa akiba. Barua pepe na nyaraka za kawaida tukazipeleka kwenye huduma ya wingu ya kulipia kwa mwezi. Kuna mafundi wanaopenda kufunga seva yao wenyewe ya barua pepe. Mimi kwa ofisi ya ukubwa huu nakataa kabisa. Utashinda unapigana na orodha za watumaji waliozuiwa badala ya kufanya kazi uliyoajiriwa nayo.

Kebo ndiyo utakayoishi nayo

Swichi utaibadilisha, kompyuta utazibadilisha, ila kebo iliyokwisha kupita darini na ukutani hakuna mtu atakayekubali uifumue tena. Kwa hiyo hapa usibane matumizi.

Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 inafika gigabiti 10, lakini kwa umbali wa mita 55 hivi. Zaidi ya hapo usiitegemee kwa kasi hiyo. Ukijenga leo, pitisha Cat6. Na zile mita 100 zisikudanganye: hesabu ya viwango ni mita 90 za kebo iliyolala ukutani, na mita 10 za vipande vya kuunganishia kabatini na mezani. Nimeona mtu akivuta mita 98 ukutani, halafu analalamika kwamba kompyuta ya chumba cha mwisho inaingia na kutoka kwenye mtandao.

Kabla ya kununua boksi, omba kipande kidogo ukikwangue kwa kisu. Waya wa shaba halisi ni mwekundu hadi ndani. Ukikwangua ikatokea rangi ya fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika kirahisi, na ukipitishia umeme wa kamera inapata joto kuliko inavyotakiwa. Iache hapohapo.

Hesabu ya soketi za mtandao ni hii. Meza 18, kila moja soketi mbili, ni 36. Printa mbili, redio tatu za waifai, kamera nne: jumla 45. Paneli ya matundu 48, ile ya kabatini ambako kebo zote huishia, inatosha na tatu zinabaki. Watu huniuliza kwa nini soketi mbili wakati kompyuta ni moja. Kwa sababu simu ya mezani itakuja, au mtu wa pili atabanwa kwenye meza ileile, na usipoacha soketi ya pili watanunua kiswichi cha milango mitano na kukificha nyuma ya droo. Vile viswichi vya kwenye droo vimeninyima usingizi zaidi ya virusi.

Unapofunga ncha, chagua mpangilio mmoja wa rangi uushike nyumba nzima. Mimi natumia T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13, maana ule msokoto ndio unaozuia jozi moja kuingilia nyingine. Kebo ya data isilale sambamba na waya wa umeme. Kama ni lazima zikutane, zikatane kama msalaba. Kisha pima kila kebo kwa testa, hata ile uliyoifunga ukiwa na uhakika nayo.

Halafu lebo. Kwangu hii ndiyo kazi yenyewe, mengine ni maandalizi. Kila kebo inapata jina lilelile kwenye ncha zote mbili, kwenye soketi na kwenye paneli: 1-07-A maana yake ghorofa ya 1, soketi ya 7, tundu la kwanza. Usiandike "Kompyuta ya mhasibu", mhasibu atahama chumba. Andika kwa mashine ya lebo, si kwa kalamu kwenye utepe wa karatasi, kwa sababu gundi ya utepe ule hukauka na baada ya mwaka unakuta majina yote yameanguka sakafuni mwa kabati kama majani makavu.

Kabatini

Swichi inunuliwe ile inayoweza kupangwa, siyo ile bubu. Sababu ilinikuta mwenyewe. Asubuhi moja mtandao mzima ulisimama, taa zote za swichi zinawaka bila kupumua, hakuna kinachofunguka. Nikachomoa kebo moja baada ya nyingine hadi tundu la 31, taa zikatulia. Nikafuata lebo hadi chumba cha mikutano. Msafishaji, kwa nia njema kabisa, alikuta kebo inaning'inia, akaichomeka ncha ya pili kwenye soketi ya jirani. Mtandao ukawa unajizungusha wenyewe kama mbwa anayefukuza mkia. Swichi inayopangika, ikiwashiwa kinga ya mizunguko, ingefunga tundu lile peke yake na ofisi isingejua. Siku ile tulikuwa na swichi bubu.

Kama redio za waifai na kamera zitakula umeme kupitia kebo ileile ya data, yaani PoE, soma namba mbili kwenye boksi la swichi: kila tundu linatoa wati ngapi, na swichi nzima inatoa wati ngapi. Kiwango cha 802.3af ni wati 15.4 kwa tundu, na 802.3at ni wati 30. Vifaa vyangu saba kwa wati 15.4 ni wati 107.8. Swichi yenye matundu manane ya PoE lakini jumla ya wati 60 itawasha kamera tatu za kwanza, halafu itaziacha nyingine gizani, nawe utadhani kamera ni mbovu.

Umeme wa akiba, yaani UPS, uhesabu kwa wati, usihesabu kwa ile namba kubwa ya VA iliyoandikwa mbele. UPS ya VA 1,000 inaweza kuwa na wati 600 tu. Kabatini kwangu swichi na vifaa inavyolisha ni wati 150, ruta 15, diski ya mtandao ya kutunzia nakala 40, mashine ya uhasibu 100: jumla 305. Hapo inabaki karibu nusu ya pumzi, ndivyo ninavyopenda. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata kidogo. Kile kipasha joto chake kikianza kazi kinavuta umeme kwa mkupuo na kuiangusha. Betri za asidi za UPS huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo andika tarehe ya kuifunga ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Na unganisha waya wa USB kati ya UPS na ile mashine ya uhasibu, ili betri ikikaribia kuisha mashine ijizime kwa adabu badala ya kukatwa katikati ya kuandika.

Anwani

Ruta nyingi za nyumbani zinakuja na 192.168.0 au 192.168.1. Usitumie hizo ofisini. Siku mfanyakazi atakapojiunga na ofisi kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, akiwa nyumbani, kompyuta yake itaona mitandao miwili yenye anwani zilezile na haitajua printa ya ofisi iko upande upi. Mimi hutumia safu za 10, na namba ya tatu ya anwani nailinganisha na namba ya VLAN, yaani kijimtandao kilichotengwa ndani ya swichi ileile, ili mtu asome mara moja:

10.20.10 kompyuta za wafanyakazi
10.20.20 printa
10.20.30 kamera
10.20.40 mashine ya uhasibu na diski ya nakala
10.20.90 wageni

Wageni waone intaneti tu. Kamera zisione hata intaneti, isipokuwa kuna sababu uliyoiandika. Kwenye kila safu naanza kugawa anwani za kujigawia kuanzia 100 hadi 220. Chini ya 100 ni za vifaa visivyohama. Printa ipewe anwani ya kudumu kupitia ruta kwa kuifunga kwenye namba yake ya MAC, ile ya utambulisho iliyotoka nayo kiwandani, siyo kwa kuiandika kwenye kioo cha printa yenyewe. Siku printa ikirudishwa kama ilivyotoka kiwandani, bado itaipata anwani yake.

Mlango wa kuingilia kwa mbali kwenye Windows, namba 3389, usiufungue kuelekea intaneti hata kwa wikendi moja. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga mlango huo. Anayetaka kufanya kazi kutoka nje apitie VPN.

Waifai nitaisema kwa kifupi. Redio iwekwe darini mahali watu walipo, si ndani ya kabati la chuma. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 na 11 tu, kwa sababu ndizo tatu zisizopandiana, na upana uwe MHz 20. Kompyuta zipeleke kwenye 5 GHz. Chochote kisichotembea kichomeke kwa waya.

Nani ana ufunguo

Domeini isajiliwe kwa jina la kampuni, na anwani ya mawasiliano isiwe inayotegemea domeini hiyohiyo. Fikiri kidogo: domeini ikiisha muda, barua ya kukukumbusha ulipe itatumwa kwenye sanduku ambalo tayari limekufa. Washa kujilipa kwa mwaka, kisha weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya watu wawili. Rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenye domeini yako, ziweke siku ileile unapofungua barua pepe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameanza kuwabana watumaji wasiothibitisha barua zao, na ankara inayoangukia kwenye barua taka ni pesa inayochelewa.

Kila mtu awe na akaunti yake. "Mapokezi1" inayotumiwa na watu wanne haikuambii nani alifuta faili. Akaunti ya usimamizi iwe tofauti na ile unayosomea barua pepe, hata kama msimamizi ni wewe mwenyewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili kuanzia kwa bosi na mhasibu, maana hao ndio matapeli wanaowaandikia. Ile desturi ya kuwalazimisha watu kubadili nywila kila baada ya siku 90 niliiacha. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, nao uliiacha mwaka 2017, kwa sababu watu huishia kuongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni. Nywila ndefu moja, ndani ya programu ya kutunzia nywila, inatosha hadi kuwe na dalili kwamba imevuja.

Masasisho yafanywe, hata yanapoudhi. Virusi vya WannaCry vilivyozuka tarehe 12 Mei 2017 vilipitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wamelizibia dawa tangu Machi mwaka huohuo. Miezi miwili watu walikuwa wanabonyeza "nikumbushe baadaye". Na kama bado una kompyuta za Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ziingize kwenye orodha ya zinazobadilishwa kwanza.

Nakala

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopata aibu.

Kanuni yenyewe inajulikana: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Diski mbili zinazoakisiana kwenye mashine si nakala. Zinakukinga diski moja ikifa, lakini ukifuta faili, linafutika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Folda inayojilinganisha na wingu nayo si nakala kwa sababu hiyohiyo, labda kama inatunza matoleo ya nyuma na umehakikisha ni ya siku ngapi.

Nilifunga yote hayo. Kila saa 8 usiku mashine ya uhasibu ilinakili data yake kwenye diski ya mtandao, diski ikapeleka wingu, na asubuhi nikapata ujumbe wenye alama ya kijani: imefaulu. Miezi ikapita, kila siku kijani. Siku moja mhasibu aliomba faili la mwezi uliopita alilolifuta kwa bahati mbaya. Nikafungua nakala kwa kujiamini, nikakuta folda haina kitu kipya kwa miezi minne. Mtoa programu alipokuja kuisasisha aliihamishia data kwenye folda nyingine, nasi tukaendelea kunakili folda ya zamani, kwa uaminifu mkubwa, kila usiku. Dalili ilikuwepo: kila ujumbe ulisema megabaiti 212. Data ya kampuni inayofanya kazi haiwezi kuwa na ukubwa uleule siku 120 mfululizo. Sikuwa nasoma namba, nilikuwa natazama rangi.

Mhasibu aliandika upya yale ya mwezi ule kutoka kwenye makaratasi, siku tatu. Hakunisema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi narudisha kitu. Nachagua faili moja bila mpangilio, nalirudisha kwenye kompyuta nyingine, na mhasibu mwenyewe ndiye anayelifungua na kusema ndilo. Mara moja kwa robo mwaka narudisha mashine nzima na kuandika imechukua saa ngapi. Ile namba ya saa ndiyo jibu la swali la bosi, "tukipatwa na balaa tutarudi lini?"

Usisahau pia kupiga hesabu ya kupandisha data wingu. Gigabaiti 500 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya saa 111, yaani zaidi ya siku nne na nusu bila kupumzika. Nakala ya kwanza ianze Ijumaa jioni, na uipunguzie kasi saa za kazi. Nakala moja ibaki isiyoguswa na mtandao: diski ya nje inayochomekwa, inanakiliwa, inachomolewa na kufungiwa. Virusi vya kudai kikomboleo hufunga kila kinachofikika, pamoja na ile diski ya mtandao uliyoinunua kwa ajili ya kukuokoa.

Daftari

Mwisho wa kazi nakabidhi daftari la kurasa zisizozidi kumi, na nakala yake nje ya jengo. Mna mchoro wa kabati, orodha ya lebo, jedwali la anwani, majina ya huduma tunazolipia na tarehe zake, na mahali programu ya nywila ilipo. Ufunguo mkuu wa programu hiyo unakaa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu ya bosi, na sahihi yangu imepita juu ya mkunjo. Nywila zenyewe haziandikwi daftarini.

Ukurasa wa kwanza ni wa mtu asiyejua kitu: intaneti ikikatika, fanya hivi. Nilipoumaliza nilimpa dada wa mapokezi, nikaenda kabatini, nikazima modemu kwa makusudi, nikakaa kwenye kiti cha wageni bila kusema neno. Alisoma, akaenda kabatini, akarudi, akasoma tena, akaenda. Dakika 11. Intaneti iliporudi aliniletea daftari, kidole kikiwa kwenye mstari wa tatu.

"Umeandika nibonyeze kitufe cha modemu, kaka. Hujaandika kwamba kiko nyuma."

Nikachukua kalamu nikaongeza neno hilo, yeye akiwa amesimama pembeni anaangalia kama nimeliandika sawasawa.